Faharasa

Orpha Pennock amevaa glavu za pamba
ingawa msimamizi wa nyaraka amemwambia si lazima,
mikono safi yatosha.
"Mikono safi," amejibu, "ndiyo ninayoitafuta."
Msimamizi hakucheka.

Nje, Pennsylvania, theluji ya Machi imegeuka tope.
Ndani, kumbukumbu za vikao, majalada kumi na moja,
ngozi ya ndama iliyopasuka kama kisigino.

Hawa ni Marafiki, wale walioitwa Wakweka,
waliogoma kumvulia kofia hata mfalme,
waliokataa viapo kwa kuwa ndiyo yao ilikuwa ndiyo.
Majina ya miungu ya kale waliyafuta katika wiki
wakazihesabu siku kama sisi tuhesabuvyo,
ila mosi yao huangukia Jumapili yetu.

Siku ya Tano, Mwezi wa Pili, 1738:
Ann Yarnall aonywe kwa ajili ya utepe mwekundu.
Siku ya Tano, Mwezi wa Tatu:
kijana wa Hoopes ameoa nje, mbele ya kasisi,
naye hajutii.
Siku ya Tano, Mwezi wa Nne:
paa linavuja.

Utepe una kurasa mbili. Paa lina sita.

Kisha, si katika kumbukumbu, bali katika daftari la duka
la Mordekai Hoopes, mzee wa mkutano,
mpole, asiyegusa kileo,
kati ya ratili za mishumaa na pipa la molasi:
Sabina, pauni thelathini na nane. Nusu imelipwa.

Orpha amevua glavu.

Vitabu vya zamani juu ya watu hawa
viliandikwa na wajukuu wao kwa ajili ya wajukuu wao,
kila ukurasa umepigwa pasi.
Vya siku hizi vinakuja na mikunjo yake:
mmoja amehesabu meli na waliokuwa chini ya sitaha,
mwingine kafukua misingi ya jumba la ibada
akakuta limesimama juu ya sukari.
Orpha hana meli, hana misingi.
Ana mstari mmoja.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo.
Kimya cha daftari hakina.
Kina jumla tu, chini, upande wa kulia.

Miaka minne. Mswada ukaenda kwa mchapishaji
ukarudi na wino wa kijani wa mhariri:
"Faharasa hupangwa kwa jina la ukoo. Huyu hana."
"Alikuwa nalo," akaandika pembeni, "aliyempokonya ndiye tunaye,
ana mistari kumi na tisa."
Wakavutana wiki tatu.
Mwishowe akaingia hivyo hivyo, peke yake,
kati ya sabato na sabuni:
Sabina, 114.

Siku ya Kwanza, mwezi huu wa kumi,
wamekiweka kitabu juu ya benchi, jumba lile lile.
Hakuna mhubiri. Hakuna kinanda.
Watu kumi na wanne na jiko la chuma linalogugumia.
Hapa huzungumza aliyesukumwa na Roho, wengine hungoja,
na leo wanangoja wakitazama viatu.

Akasimama Wilmer Hoopes, miaka themanini na mitatu,
aliyeapa (samahani, hawaapi),
aliyesema wazi dukani kwamba hatakisoma.
Orpha akajikaza kama mtu anayengoja sindano.

"Ukurasa wa mia na kumi na nne," mzee akasema.
"Nusu imelipwa.
Nataka kujua ile nusu nyingine
anadaiwa nani, na kwa nani."
Akaketi. Benchi likalia.

Orpha hajui. Ametafuta, hajui.
Amechomoa penseli kwenye nywele
na pembezoni mwa kitabu chake mwenyewe
ameandika neno, akalifuta, akaliandika tena.

Juu yao, karibu na dirisha la kaskazini,
tone limekusanyika ubaoni.
Mtu amesogeza ndoo kwa mguu,
taratibu, asivunje kimya.